Maswali na Majibu: Ini la Mama na Mitishamba ya Kukoma Hedhi

Marudio haya ni ya wanafunzi wa uuguzi na utabibu wa mwaka wa mwisho. Alama nilizoweka zinakadiria urefu wa jibu. Majibu mengine nimeyarefusha kuliko mtihani unavyodai, kwa sababu mtihani ukiisha mtakwenda wodini.

Swali la 1. Kukoma hedhi ni nini, na ni dalili zipi zinazomfanya mama atafute dawa? (alama 4)

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila damu, pasipo mimba wala ugonjwa mwingine. Kwa wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Miaka michache kabla ya hapo, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Ndipo joto humpanda ghafla kifuani na usoni, na usiku jasho humlowesha mpaka anaamka kubadilisha khanga. Usingizi hukatika, hasira huwa karibu, uke hukauka na tendo la ndoa huuma. Msahihishaji anatafuta "miezi 12". Usiache kuiandika.

Swali la 2. Ni tukio gani la mwaka 2002 lililowasukuma wanawake wengi kwenye mitishamba? (alama 3)

Ni kusimamishwa, mwezi Julai mwaka huo, kwa sehemu ya utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa makundi mawili: wengine wakimeza estrojeni pamoja na projestini, wengine vidonge visivyo na dawa. Saratani ya matiti ilizidi kwa waliomeza homoni, kwa kiasi cha wanawake 8 wa ziada katika kila 10,000 kwa mwaka. Thuluthi mbili ya wanawake hao walikuwa wamekwishafikisha miaka 60 au zaidi walipoanza, kwa hiyo matokeo hayamhusu kwa kiwango kilekile mama wa miaka 50. Lakini habari ilivyosambaa ilisema kwa ufupi kwamba homoni ni saratani. Wengi waliacha vidonge bila kumwuliza daktari, joto halikuwaacha, wakaelekea kwenye maduka ya mitishamba.

Swali la 3. Eleza kwa nini ini ndilo huumia, na utofautishe sumu inayotabirika na isiyotabirika. (alama 8)

Karibu kila kinachonyonywa utumboni hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini hukivunja, na katika kukivunja mara nyingine hutokea kitu kikali kuliko kile kilichomezwa.

Sumu inayotabirika hufuata kipimo: ukizidisha, yeyote ataumia. Mfano wa dawa ya hospitali ni paracetamol. Kwa upande wa mimea, iko mingi yenye alkaloidi za pirolizidini, komfri ikiwemo, ambazo huharibu na kuziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, tumbo likajaa maji. Kule Afrika Kusini mzizi uitwao impila, Callilepis laureola, umeua watu kwa kuozesha chembe za ini.

Sumu isiyotabirika ndiyo inayotuhusu zaidi hapa, na ndiyo wanafunzi huijibu vibaya. Wanawake wengi hunywa kitu kilekile, kwa kipimo kilekile, wasipate lolote, mmoja anaumwa. Sababu iko katika mwili wake: jeni alizorithi, namna kinga yake inavyokitambua kitu hicho, pengine na dawa nyingine anazomeza. Kwa hiyo mama anaposema "jirani yangu anakunywa mwaka wa pili na ni mzima", anasema kweli, ila uzima wa jirani hauna taarifa yoyote kuhusu ini lake yeye. Mfano mzuri ni manjano, ile binzari ya jikoni. Katika pilau na mchuzi haina neno. Ikikamuliwa ikawa kidonge, tena ikachanganywa na kiini cha pilipili manga ili inyonywe kwa wingi, mambo hubadilika. Mtandao wa Marekani unaofuatilia majeraha ya ini ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa na manjano. 7 kati yao walikuwa na jeni moja, HLA-B*35:01, na mmoja alifariki.

Swali la 4. Andika unachojua kuhusu kohoshi nyeusi. (alama 10)

Ni mmea wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, Actaea racemosa, ambao kwenye kopo huandikwa black cohosh. Kinachotumika ni mzizi. Wenyeji wa asili wa huko waliutumia zamani, na Ujerumani umeuzwa kwa ajili ya joto la kukoma hedhi tangu miaka ya 1950. Huku kwetu huingia ndani ya masanduku ya ndugu wanaotoka ng'ambo na kwa wauzaji wa virutubisho.

Je, unafaa? Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2012 ulikusanya majaribio 16 yenye wanawake 2,027, na haukuona kwamba unapunguza vipindi vya joto kuliko kidonge kisicho na dawa. Usimkejeli anayesema umemsaidia. Dalili hii hupungua sana hata kwa kidonge kisicho na kitu, na pia hupungua yenyewe kadiri miaka inavyopita. Nafuu anayoisema ameipata kweli. Chanzo chake ndicho kisichothibitika.

Je, una hatari? Ziko taarifa zaidi ya 50 za walioumwa ini baada ya kuutumia, baadhi wakafikia kupandikizwa ini jingine. Mwaka 2006 mamlaka za dawa za Uingereza na Australia zilidai onyo la ini liandikwe kwenye pakiti, na ile ya Ulaya ikatoa tahadhari mwaka huohuo. Ugonjwa kwa kawaida hutokea kati ya wiki 2 na 12 tangu kuanza. Chembe za ini zenyewe ndizo huumia, na vipimo mara nyingine hufanana na homa ya ini inayoletwa na kinga ya mwili kujishambulia.

Hapa pana fundo ambalo mwanafunzi hodari atalitaja. Baadhi ya makopo yaliyopimwa yalikutwa na mimea ya jamii hiyo kutoka Asia, si ule ulioandikwa. Kwa hiyo katika baadhi ya taarifa hatuna hakika kama kilichoumiza ni kohoshi au ni kitu kilichouzwa kwa jina lake. Kwa mgonjwa mbele yako hilo halibadilishi hatua ya kwanza: anaacha leo.

Swali la 5. Kweli au si kweli? Toa sababu. (alama 2 kila kimoja)

*"Macho ya manjano maana yake ni homa ya manjano."* Si kweli. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na una chanjo. Macho kugeuka manjano ni dalili ya bilirubini kuzidi, kwa sababu nyingi. Mama akikuambia "nina homa ya manjano", andika maneno yake, kisha angalia weupe wa macho yake kwenye mwanga wa dirisha.

*"Shubiri ni ya asili, kwa hiyo haigusi ini."* Si kweli. Shubiri ya kunywa imeripotiwa kuumiza ini, na wengi hupona wakiacha. Utomvu wake mchungu pia huharisha na kushusha potasiamu, jambo baya kwa mama anayemeza dawa za presha za kukojoza.

*"Kava ilipigwa marufuku Ujerumani."* Kweli, mwaka 2002, kwa sababu ya ini, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2014. Watu wa visiwa vya Pasifiki hunywa kava iliyokorogwa kwa maji tangu kale. Vidonge vya Ulaya vilitengenezwa kwa viyeyusho vingine.

*"Dawa za kisasa za joto la kukoma hedhi haziumizi ini."* Si kweli. Fezolinetanti iliruhusiwa Marekani Mei 2023, na Desemba 2024 ikaongezewa onyo zito la ini. Tofauti ni kwamba wanaoitumia hupimwa damu kwa ratiba. Mwenye kopo la sokoni hapimwi na mtu.

Swali la 6. Mama wa miaka 52 amelazwa kwa uchovu, kichefuchefu, mkojo mweusi na macho ya manjano. Anasema hatumii dawa yoyote isipokuwa za presha. Eleza utakavyochukua historia yake. (alama 15)

Swali hili limetoka wodini, na mimi nilikuwepo. Nililikosea.

Nilimkuta ameegemea mto, mwalimu wa shule ya msingi, anazungumza kwa adabu ya watu wa pwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kuna dawa unayotumia nyumbani?"

"Sina, mwanangu. Hizi za presha tu mnazonipa wenyewe."

Nikaandika kwenye faili: hatumii mitishamba. Yeye hakusema hivyo. Niliyeandika hivyo ni mimi. Siku nne tukatafuta virusi: homa ya ini A, B, C na E, zote hazikuwepo. Picha ya tumbo ikaonyesha njia za nyongo ziko wazi. Siku ya tano dada yake alikuja na chupa ya chai na kikapu, akauliza kama mgonjwa anaruhusiwa kuendelea na "chai yake ya kina mama", maana joto linamsumbua. Ndani ya kikapu mlikuwa na kopo la plastiki lenye maandishi ya kigeni, vidonge vimebaki kama robo, na kifuko cha unga wa kijani kilichofungwa kwa lastiki. Nilipokifungua kilinuka ukungu, na pembeni unga ulikuwa umeshikana madonge. Alikuwa akinywa vyote viwili kwa wiki saba.

Mama hakusema uongo. Kwake dawa ni kitu cha hospitali, chenye karatasi ya daktari. Kile cha kikapuni ni chai. Vidonge ni virutubisho. Aliyemuuzia aliviita tiba lishe. Lugha yetu ina majina mengi kwa vitu hivi, nami nilikuwa nimeuliza kwa jina moja tu.

Jibu linalostahili alama zote basi ni hili. Uliza kwa majina yote: "Mama, mbali na za hospitali, kuna chai, majani, mizizi, unga, asali iliyochanganywa, matone au virutubisho unavyokunywa au kupaka upate nafuu?" Uliza ukiwa peke yako naye, maana mama wa makamo hatataja ukavu wa uke mbele ya mkwewe. Usiulize kwa uso wa hakimu. Ukishasema "hivi vinywaji vyenu vya mitaani", umeufunga mlango, na atakayefuata baada yako ataukuta umefungwa.

Kisha tafuta tarehe, kwa sababu ndiyo shahidi mkubwa. Watu wachache hukumbuka siku ya mwezi, lakini wanakumbuka mambo: alianza kabla ya mfungo au baada ya Idi? Shule zilikuwa zimefungwa? Mahindi yalikuwa shambani? Hesabu wiki kutoka hapo mpaka mkojo ulipobadilika. Muombe aletewe kopo, kifuko na hata karatasi ya kufungia. Andika kila jina lililo kwenye lebo, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya toleo.

Uliza pia kuhusu pombe, paracetamol, dawa za kifua kikuu, dawa za VVU, kuongezewa damu, na nani mwingine nyumbani amegeuka manjano. Jeraha la mitishamba hutambuliwa kwa kuondoa mengine kwanza. Na kumbuka kwamba homa ya ini ya kinga kujishambulia nayo hupenda wanawake wa umri huu. Usimhukumu mganga kabla ya kipimo.

Kuhusu ule ukungu: nafaka na mimea iliyokaushwa vibaya huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, wakafa 125, na kilichoshambuliwa ni ini. Unga wa majani uliofungwa ukiwa na unyevu una hatari ya aina hiyohiyo, hata kama mmea wenyewe hauna kosa.

Swali la 7. Vipimo vya mama huyo: ALT 1,240 (kikomo cha juu 40), ALP 180 (kikomo 120), bilirubini 96 (kikomo 21). Kokotoa uwiano R, utaje aina ya jeraha, na ueleze kama anatimiza kanuni ya Hy. (alama 6)

ALT imezidi kikomo mara 31. ALP imezidi mara 1.5. R ni 31 kugawa kwa 1.5, yaani takriban 20.7. Ikiwa 5 au zaidi, jeraha ni la chembe za ini. Ikiwa 2 au chini, ni la njia za nyongo. Katikati ni mchanganyiko. La huyu ni la chembe za ini, bila shaka yoyote.

Kanuni ya Hy, iliyopewa jina la Hyman Zimmerman, husema hivi: dawa ikisababisha ALT kuzidi mara 3 pamoja na bilirubini kuzidi mara 2, bila ALP kupanda sana na bila sababu nyingine, mgonjwa mmoja kati ya kama kumi hufa au huhitaji ini jipya. Bilirubini yake imezidi zaidi ya mara 4. Anatimiza.

Kwa hiyo pima INR siku hiyohiyo, na kila zamu umwulize jina lake, siku ya leo na mahali alipo. INR ikifika 1.5 na maneno yakaanza kumchanganyikia, ini linashindwa. Ni rufaa ya haraka, si ya kesho asubuhi.

Yeye alinusurika. Siku ya nane baada ya kuacha, ALT ilikuwa 560. Kushuka kwa nusu au zaidi ndani ya siku 8 ni ushahidi mzito katika kipimo cha RUCAM kwamba kilichoachwa ndicho kilichoumiza. Bilirubini huchelewa kushuka, na manjano ya macho yalibaki wiki kadhaa. Mweleze mgonjwa mapema, asije akadhani hajapona akatafuta "chai ya kusafisha ini".

Swali la 8. Mama mwingine, miaka 47, anatumia TLD, dawa ya VVU, na ana kijiti cha uzazi wa mpango. Ameletewa mmea wa Mtakatifu Yohana kwa ajili ya huzuni na joto. Chagua jibu sahihi: (a) aendelee, ni salama kwa ini, (b) apunguze dozi, (c) asitumie. (alama 5)

Jibu ni (c). Mmea huu, Hypericum perforatum, haujulikani sana kwa kuumiza ini. Kosa lake ni kuliharakisha: huongeza vimeng'enya vya ini, CYP3A4 kikiwa mashuhuri, na dawa nyingine huvunjwa kabla hazijafanya kazi. Dolutegraviri iliyomo kwenye TLD hushuka, na virusi vinaweza kuamka. Homoni ya kijiti hushuka, na mama wa miaka 47 ambaye bado anaona hedhi za kurukaruka anaweza kushika mimba. Warfarini nayo hudhoofika. Kwa upande wa pili, dong quai ya Kichina huizidisha warfarini, damu ikatoka. Wengi hukosa swali hili kwa sababu wanatafuta ini lililoumia, wasiangalie ini linalofanya kazi kupita kiasi.

Swali la 9. Je, madhara haya ni mengi? (alama 4)

Ni machache ukilinganisha na wanaokunywa. Lakini ikitokea, hutokea kwa uzito. Mtandao ule wa Marekani wa majeraha ya ini ulichapisha mwaka 2014 taarifa za wagonjwa 839 walioumwa ini kwa dawa au virutubisho. Sehemu ya mitishamba na virutubisho ilikuwa imepanda kutoka asilimia 7 hadi 20 ndani ya miaka kama minane. Walioumizwa na virutubisho visivyo vya kujenga misuli, wengi wakiwa wanawake, asilimia 13 walifariki au kupandikizwa ini; kwa dawa za kawaida ilikuwa asilimia 3. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitishwa kwanza, na makopo hayohayo ndiyo yanayofika kwetu. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake la kusajili. Ukimkuta aliyeumia, jaza fomu ya njano ya madhara ya dawa na uandike mitishamba kama unavyoandika kidonge. Tusipoandika, mmea utahesabiwa salama kwa sababu tu hakuna aliyehesabu.

Swali la 10. Mama wa swali la 6 amepona, anaruhusiwa. Joto bado linamsumbua, na anauliza: "Nikinywa nusu kijiko tu, kuna ubaya, mwanangu?" Mjibu. (alama 8)

Upo. Ini lililokwisha kukikataa kitu linaweza kukikataa kwa nguvu zaidi mara ya pili, hata kwa nusu kijiko. Mwambie hivyo waziwazi, umwandikie kwenye kadi yake ya kliniki, kwa wino mwekundu, majina ya vyote viwili alivyokuwa akinywa.

Usimwache mikono mitupu, maana joto litamrudisha kwenye kikapu. Ini likiwa bado linaugua, homoni za kumeza hazifai. Likishatulia, daktari anaweza kuzifikiria upya, kwani mama aliye chini ya miaka 60 na ambaye hajapitisha miaka 10 tangu kukoma hedhi kwa kawaida hufaidika, kama hana saratani ya matiti, damu iliyoganda mishipani wala kutokwa damu kusikojulikana chanzo. Ukavu wa uke una krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo. Kwa jasho la usiku ziko dawa zisizo za homoni, gabapentini kwa mfano, ambazo daktari atazipima na presha yake. Zungumza naye pia kuhusu dirisha, shuka la pamba, na kahawa na pilipili za jioni.

Mkumbushe kwamba damu ikimtoka tena baada ya miezi 12 ya ukavu, aje siku hiyo. Asiinywee chai, maana inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba inayojitangaza mapema.

Kisha mpe tarehe ya kurudi kupima ALT na bilirubini, na umwombe aje na dada yake, kwa kuwa dada ndiye aliyejua kilichokuwa kikapuni.